Tulihamishwa na Ndorobo: Kimelea, Nzi na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Muhula uliopita, katika semina ya mwaka wa tatu, mwanafunzi wangu mmoja alisoma makala aliyoiandika kuhusu uhifadhi wa wanyamapori kusini mwa Tanzania. Ilikuwa makala nadhifu, yenye takwimu na ramani. Katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi moja iliyopita upesi mno: eneo hilo halikuwahi kukaliwa na watu kwa sababu ya ndorobo. Hakutaja chanzo, wala hakuona haja ya kukitaja, maana ni jambo "linalojulikana". Mwenzake, ambaye kwao ni Liwale, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama halikuwahi kukaliwa, ile miembe iliyomo porini aliipanda nani?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Nami sikuwa na jibu fupi. Niliahidi kujibu kwa maandishi, na haya ndiyo maandishi yenyewe.

Nina deni langu pia katika jambo hili. Bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa katika miombo ya magharibi ya Tabora, alikuwa na jibu moja kila tulipomuuliza ukoo wetu ulifikaje katika kijiji tulichokikuta. Alisema: "Tulihamishwa na ndorobo." Nilipokuwa mtoto niliwaza kundi la nzi likiwafukuza watu na mizigo yao vichwani. Ilinichukua miaka mingi, na masomo mengi ya historia, kutambua kwamba nzi hahamishi mtu. Anayehamisha watu ni mwenye amri, na anayetoa amri huhitaji sababu. Katika Afrika Mashariki ya karne ya 20, sababu hiyo aghalabu ilikuwa kiumbe chenye seli moja ambacho bibi yangu hakuwahi kukiona kwa macho.

Tuanze nacho basi. Vimelea vya malale ni wa jamii ya viumbe vya seli moja ambavyo hujongea kwa kutumia mjeledi, yaani uzi mwembamba ulio hai unaopigapiga ndani ya maji. Ndugu zake wamo katika madimbwi na mito, na wengine wamo matumboni mwetu: yule aitwaye giadia, anayewaharisha watoto wengi wanaokunywa maji yasiyochemshwa, naye ana mijeledi. Mwaka 1843 daktari David Gruby, akiwa Paris, aliona kiumbe cha namna hii ndani ya damu ya chura. Kwa kuwa kilijizungusha kama chombo cha kutobolea, alikipa jina la Kigiriki lenye maana ya mwili wa keekee: Trypanosoma. Seremala yeyote wa kwetu angelielewa jina hilo papo hapo.

Kimelea hiki kina urefu wa takriban sehemu moja ya arobaini ya milimita. Mjeledi wake huanzia karibu na nyuma, hupita ubavuni ukiwa umeshikizwa na utando unaopindapinda, na ncha yake ndiyo inayotangulia. Kinaogelea, kwa maneno mengine, kikivutwa na mjeledi badala ya kusukumwa nao. Huingia mwilini kwa kuumwa na ndorobo, hukaa katika damu na tezi, na hatimaye huingia katika ubongo. Ndipo mgonjwa anapoanza kulala mchana na kukesha usiku, kusema ovyo, kukonda, na asipotibiwa, kufa. Kwa nini mwili haukimalizi? Kwa sababu kimevaa koti la protini, na kila mara kinga ya mwili inapolitambua koti hilo, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kubadili na kuvaa jingine. Kina akiba ya mamia ya makoti ya namna hiyo katika jeni zake. Ndiyo maana hadi leo hatuna chanjo ya malale.

Katika Afrika Mashariki na Kati tuna sura mbili za ugonjwa huu. Ile ya magharibi na ya Kongo huenda polepole, kwa miaka, na makao yake makuu ni mwili wa binadamu. Ile ya mashariki, iliyomo Tanzania, huua kwa miezi, na hifadhi yake ni wanyamapori kama pongo, na ng'ombe pia. Msomaji aishike tofauti hii, kwani siasa yote ya ardhi nitakayoieleza inategemea swali moja: kimelea kimejificha ndani ya nani?

Mwaka 1901 madaktari wa misheni katika hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, yaani ule wa kusinzia. Kutoka hapo maafa yalienda kwa kasi ya kutisha. Busoga, visiwa vya Buvuma na Sese, mwambao wa Buganda na pwani ya Kavirondo, yote ilikumbwa. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika Uganda peke yake ndani ya miongo miwili. Vijiji vya wavuvi vilivyokuwa vimejaa watu vilibaki na migomba isiyo na wa kuivuna.

London ilituma wanasayansi. Wa kwanza walifika mwaka 1902. Miongoni mwao alikuwa kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, ambaye kwanza alidhani ugonjwa unasababishwa na bakteria, kisha mwishoni mwa mwaka huo akaona vimelea vyenye mjeledi katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka uliofuata alifika David Bruce, mwanajeshi na daktari ambaye mwaka 1895, huko Zululand, alikuwa ameonyesha kwamba nagana ya ng'ombe inatokana na kimelea wa aina hiyo hiyo. Bruce akakamilisha hoja kwamba ndorobo ndiye mbebaji. Wawili hao waligombana kwa miaka mingi kuhusu nani apewe sifa. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wasisahau mtu wa tatu katika ugomvi huo: machifu na watu wao wa Uganda, ambao Bruce aliwatuma wakamate nzi kila pembe ya nchi na kumletea pamoja na taarifa za wagonjwa. Ramani iliyothibitisha kwamba nzi na ugonjwa vinakaa mahali pamoja ilichorwa kwa nzi waliokamatwa na mikono hiyo. Majina yao hayamo katika ugomvi wa sifa.

Baada ya ramani ikaja amri. Hesketh Bell, mtawala wa Uganda tangu 1906, aliamua kwamba kama nzi hawezi kuondolewa ziwani basi mtu aondolewe. Wakazi wa mwambao walisogezwa bara, zaidi ya kilomita tatu kutoka majini. Uvuvi, mitumbwi na ukataji wa kuni ufukweni vikapigwa marufuku. Mwaka 1909 visiwa vya Sese vilihamwa vyote. Vifo vilipungua, na hilo sina budi kulikiri, kwa sababu kuna wenzangu wanaoandika historia hii kana kwamba kila tendo la mkoloni lilikuwa hila tupu. Haikuwa hila. Watu walikuwa wakifa kweli, na Bell alikuwa akijaribu kuwaokoa kweli. Lakini aliyeokolewa alipoteza ziwa, na ziwa kwa Msese ndilo lililokuwa shamba, barabara na madhabahu. Ilipita takriban miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi, na waliorudi walikuta msitu.

Kabla ya kuhamwa huko, Sese ilikuwa imekwisha kuonja sayansi ya namna nyingine. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, Mjerumani mwenye Tuzo ya Nobel, alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala na kuwatibu zaidi ya wagonjwa elfu moja kwa dawa yenye arseniki iitwayo atoksili. Mwanzoni dalili zilipungua na Koch akatangaza matumaini makubwa. Kisha ugonjwa ukarudi, akaongeza dozi, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka kabisa. Wengi walikimbia sindano kwa sababu ya maumivu. Katika nyaraka za wakati ule wanaitwa watoro. Nimefundisha historia kwa miaka kumi na tano na bado sijazoea kulisoma neno hilo: mgonjwa aliyeona wenzake wakipoteza macho, akaamua kwenda nyumbani, anaandikwa mtoro.

Koch alipendekeza mambo mawili kwa upande wa Wajerumani. Kwanza, mamba wauawe, kwa kuwa nzi wa ziwani hujilisha damu yao. Pili, wagonjwa wakusanywe katika kambi maalumu. Kambi zikajengwa, mojawapo Kigarama katika Kiziba, upande wa Bukoba. Neno la Kijerumani alilolitumia Koch kwa kambi hizo ni lile lile ambalo baadaye lilipata maana ambayo dunia nzima inaijua. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba maneno nayo yana safari zake, na hili lilipita kwetu.

Hadi hapa nimesimulia kana kwamba malale yalishuka kutoka mbinguni mwaka 1901. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni: Afrika ilikuwa na maradhi tangu kale, sayansi ikaja kuyaondoa. Mtu aliyeivunja simulizi hiyo hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo. Alikuwa John Ford, mtaalamu wa ndorobo aliyefanya kazi katika serikali za kikoloni kwa miongo mingi, na ambaye mwaka 1971 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nafasi ya vimelea hivi katika mazingira ya Afrika. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba Waafrika walikuwa na utaratibu wao wa kuishi jirani na ndorobo. Ndorobo anahitaji kivuli na damu. Watu wakiwa wengi mahali pamoja hufyeka vichaka, huchoma nyasi, hulisha mifugo na kuwinda, na nzi hubaki nje, katika mapori ya mipakani yaliyotenganisha himaya na himaya. Wafugaji waliolazimika kupitisha ng'ombe katika pori la nzi walipita usiku, kwa kuwa ndorobo huuma mchana. Huo ulikuwa ujuzi, ingawa haukuandikwa katika jarida lolote.

Utaratibu huo ulibomoka katika miaka ya 1890. Sotoka iliingia ikitokea kaskazini na kufika kwetu mwaka 1890 na 1891. Inasemekana mahali pengine iliua zaidi ya tisa ya kila kumi ya ng'ombe. Wanyamapori nao walikufa kwa wingi. Ikaja ndui, wakaja nzige, ikaja njaa, zikaja vita za Wajerumani. Watu walipopungua na mifugo ilipotoweka, vichaka vilirudi katika malisho. Wanyamapori waliongezeka upesi kuliko ng'ombe, na ndorobo akawafuata. Kwa hiyo pori lililowakuta mabwana wa mwanzo wa Kiingereza katika Tanganyika, ambalo walilidhani ni Afrika ya asili, lilikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Lilikuwa kovu, nao wakaliandika kama ngozi.

Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichukua hoja hii na kuipanua katika kitabu chake cha mwaka 1977. Wapo waliompinga, na kwa haki. Juhani Koponen, kwa mfano, alionyesha kwamba Kjekshus aliipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, kana kwamba hapakuwa na njaa wala vita. Wanafunzi wanaotaka enzi ya dhahabu wasiitafute kwa Ford. Naye hakusema kwamba watu hawakuugua. Alisema waliugua kwa kiasi ambacho jamii iliweza kukibeba.

Sasa nirudi Tanganyika. Waingereza walipoichukua, walikuta theluthi mbili hivi ya nchi ikihesabiwa kuwa ya ndorobo. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa Maswa, na miaka iliyofuata yakaonekana Tabora, Ufipa na kwingineko. Watu wawili waliweka sura ya sera. Wa kwanza ni Charles Swynnerton, aliyekuwa Bwana Nyama mkuu kisha akaongoza utafiti wa ndorobo huko Shinyanga hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Swynnerton aliamini katika kufyeka na kuchoma. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka na panga, wilaya kwa wilaya, wakalirudisha pori nyuma. Alipima, aliandika, akachora mipaka ya moto. Ukimsoma kwa makini unaona kwamba sehemu kubwa ya "majaribio" yake ni kazi ambayo Wasukuma walikwisha kuifanya kabla ya sotoka, ila safari hii ilikuwa na msimamizi na daftari.

Wa pili ni daktari George Maclean, na huyu ndiye aliyemhamisha bibi yangu, ingawa nina hakika hawakupata kuonana. Maclean alikabiliwa na watu wa miombo: kaya tano hapa, tatu kule, warina asali na wawindaji, wanaolima kidogo na kuhama. Hesabu yake ilikuwa kwamba kundi dogo la kaya haliwezi kuishinda miti. Pori litalizunguka daima. Dawa yake ni kuzikusanya kaya nyingi mahali pamoja, kila moja ipewe eneo la kufyeka, na ufyekaji wenyewe uwafukuze nzi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 makumi ya maelfu ya watu wa magharibi waliamriwa kuacha makazi yao na kuhamia katika makazi hayo mapya, yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka.

Bibi alisimulia siku ya kuhama bila chuki, na hili limenisumbua kuliko kama angelilia. Alisema waliambiwa wavune kwanza. Alisema baba yake alirudi mara mbili kwa siri kuchukua asali katika mizinga yake, na mara ya tatu akakuta mizinga imechomwa pamoja na nyumba, ili watu wasirudi. Alisema pia kwamba katika makazi mapya kulikuwa na kisima na zahanati, na kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba yao kupata sindano. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Malale yalipungua katika makazi hayo. Lakini Maclean alipowahamisha watu kutoka sehemu kumi kwenda moja, sehemu tisa zilibaki bila mwenyewe. Nani alizichukua?

Kwa kiasi kikubwa zilichukuliwa na miti, kisha na serikali. Pori likiisha kuhamwa huwa la msitu wa hifadhi au la wanyama, na baada ya kizazi kimoja huwa "limekuwa hivyo siku zote". Tuangalie Liwale, kwao yule mwanafunzi. Agosti 1905 boma la Wajerumani la Liwale lilishambuliwa na kuteketezwa katika Vita vya Majimaji. Jeshi la Götzen lilijibu kwa kuchoma vijiji na chakula. Ripoti ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000 kwa eneo zima la vita. Mashamba yaligeuka vichaka, tembo na nguruwe pori wakasogea. Kabla jeraha halijapona ikaja vita ya 1914, na majeshi mawili yalipita kusini yakila kila kilichosalia na kuwabebesha watu mizigo hadi kufa. Januari 1917 mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliuawa vitani huko Beho Beho. Mwaka 1922 pori la akiba likapewa jina lake. Hakuna pori lililopewa jina la mpagazi.

Hata hivyo watu wa Liwale hawakuisha. Walirudi, wakalima, wakapanda. Ni katika miaka ya 1940 ndipo wakazi wa sehemu za magharibi za wilaya hiyo walipohamishwa na kukusanywa kando ya barabara, na sababu iliyotolewa ilikuwa malale. Ardhi waliyoiacha iliunganishwa na Selous, ambayo ilikua hadi kuwa miongoni mwa mapori makubwa kabisa ya akiba barani, ikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1982, na sehemu yake ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Je, malale yalikuwapo Liwale? Yalikuwapo. Je, yalikuwa ndiyo sababu pekee? Tembo walikuwa wakila mashamba, kodi ilikuwa ngumu kukusanywa kwa watu waliotawanyika, na Idara ya Wanyama ilitaka nafasi. Kimelea chenye mjeledi kilizibeba sababu zote hizo mgongoni, kwa kuwa ndicho pekee ambacho hakuna mwanakijiji angeweza kubishana nacho. Huwezi kumwambia mtu mwenye hadubini kwamba hajaona alichokiona.

Hapa watumishi wa serikali wanaonisoma wataniuliza kama nataka wanyama waondolewe na watu warudishwe. Sijasema hivyo, na sina hakika hata kidogo kwamba wajukuu wa waliohamishwa wangependa kurudi mahali pasipo na barabara. Ninachosema ni kuhusu sentensi. Mtumishi anayeandika katika taarifa ya mgogoro wa mpaka kwamba "eneo hilo halikuwahi kukaliwa" anatoa ushahidi, na ushahidi huo una matokeo kwa mtu anayedai fidia, au anayetaka tu kuzuru makaburi ya wazee wake bila kushikwa kama jangili. Kuna tofauti kubwa kisheria na kiutu kati ya ardhi isiyowahi kuwa na watu na ardhi ambayo watu walitolewa kwa amri. Ya kwanza haina wa kumwomba radhi.

Wala tusijidanganye kwamba tabia ya kukusanya watu iliondoka na bendera ya Kiingereza. Kati ya 1973 na 1976 sisi wenyewe tuliwahamisha mamilioni kwenda vijijini, mara nyingine kwa malori na moto. Shabaha ilikuwa tofauti, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba shule na zahanati za vijiji vile zilibadili maisha ya wengi, yangu yakiwamo. Lakini mbinu haikuwa ngeni kwa watu wa magharibi. Kjekshus aliliona hilo mapema na kuandika kuhusu athari zake kwa mazingira mwaka 1977, vijiji vikiwa bado vipya. Baba yangu aliniambia kwamba mwaka 1974, walipoambiwa wasogee tena, bibi alifunga mizigo kabla ya mtu yeyote kijijini. Walipomuuliza mbona ana haraka, alijibu: "Hawa huchoma mizinga kwanza."

Kuna sura moja ya historia hii ambayo nzi aliondolewa na watu wakabaki. Katika kisiwa cha Unguja, ambako ndorobo alijificha katika msitu wa Jozani na vichaka vya jirani na kuambukiza nagana kwa ng'ombe, wataalamu walitumia udhaifu mmoja wa mdudu huyu. Ndorobo jike hataagi mayai mamia kama nzi wengine. Huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja, na kwa kawaida huhitaji dume mara moja tu maishani. Madume yalifugwa Tanga kwa mamilioni, yakafanywa tasa kwa mionzi, na kati ya 1994 na 1997 zaidi ya milioni 8 yakamwagwa kutoka ndegeni juu ya kisiwa. Majike yaliyokutana nayo hayakuzaa. Ndorobo wa mwisho wa porini alikamatwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa huru. Hakuna kijiji kilichohamishwa. Najua watakaosema kisiwa si bara, na ni kweli: bara, nzi wa jirani angerudi kesho. Lakini naitaja Unguja kwa sababu kwa miaka tisini tuliambiwa kwamba uchaguzi ni kati ya mtu na nzi tu.

Malale yenyewe leo yanapungua. Mwaka 1998 karibu wagonjwa 40,000 waliripotiwa barani. Katika miaka ya karibuni wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka, walio wengi wakiwa Kongo. Tangu 2018 kuna dawa ya vidonge, feksinidazoli, kwa ugonjwa ambao zamani ulitibiwa kwa arseniki iliyoweza kumuua mgonjwa mwenyewe. Rwanda ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeushinda kama tatizo la afya ya umma. Inawezekana kabisa kwamba wanafunzi wangu wataishi kuona kimelea hiki kikibaki katika maabara na vitabu. Mipaka kilichoichora itabaki palepale.

Nimemrudishia makala yule mwanafunzi wa kwanza nikiwa nimeizungushia ile sentensi kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Chanzo?" Alikuja ofisini, hakukasirika, akaniuliza aanzie wapi. Nilimwelekeza kwenye Nyaraka za Taifa, katika majalada ya malale ya Jimbo la Kusini, nikamwambia asome orodha za walipa kodi kabla ya ramani, kwa kuwa serikali hailipishi kodi pori tupu. Mwenzake wa Liwale ameomba waende pamoja. Ana babu mmoja hai, mzee sana, ambaye alikuwa mtoto walipohamishwa, na anayeweza bado kutaja majina ya vijiji vile kwa kufuata mto. Wamekubaliana kumrekodi wakati wa likizo ya Juni, kabla ya kwenda kwenye majalada, na mimi nimewalipia nauli ya basi.